Kwa nini mbwa huparura ardhi akishamaliza haja?

Hafukii, huyo si paka. Mtazame vizuri: miguu ya nyuma inarusha udongo kwa nguvu, na mara nyingi haugusi hata kile alichoacha. Anaweka alama. Kwenye nyayo zake kuna tezi za harufu, kwa hiyo akiparura anaongeza harufu nyingine juu ya ile ya mkojo au kinyesi, na mikwaruzo yenyewe mbwa mwenzake anaiona. Bweha nao hufanya hivyo. Majike pia, si madume peke yake. Wako akizidisha pale mbwa wa jirani anapopita getini, usishangae. Muache tu, ila kama anaparura kwenye saruji mkague nyayo, zisije zikachubuka. Maua ya bustani ni shauri yako.