Kakangu amekamatwa na bangi: je, hakimu anaweza kumpeleka matibabuni?

SWALI: Kakangu wa miaka 22 alikamatwa hapa Kondele na misokoto ya bangi. Nasikia Marekani kuna mahakama zinazowapeleka watumiaji matibabuni badala ya jela. Hapa Kisumu inawezekana? Watu wanamwambia akiri tu, atatozwa faini kidogo arudi nyumbani.

JIBU: Pole, dada. Mahakama hizo zilianzia Miami mwaka 1989. Mshtakiwa hupimwa mkojo, huhudhuria matibabu na kurudi mara kwa mara kwa hakimu yuleyule. Akihitimu, mara nyingi shtaka hufutwa. Hapa Kenya, kesi ya kakako itaendeshwa kama kesi yoyote ya jinai, ila hakimu ana uwezo wa kumsaidia, mradi aombwe mapema.

Kabla ya kufikiria kukiri, someni hati ya mashtaka. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, bangi ya matumizi yake mwenyewe ina kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000, na ni juu yake kuiridhisha mahakama kwamba ilikuwa ya kuvuta. Ikiandikwa "ulanguzi", faini inahesabiwa kwa mamilioni. Hati ya ulanguzi lazima itaje kitendo chenyewe: kuuza, kuhifadhi au kusafirisha. Kisipotajwa, wakili apinge.

Vijana wengi hujifunga siku ya kusomewa mashtaka. Karani anasoma, kijana anajibu "ni kweli". Kisha mwendesha mashtaka anasoma maelezo: misokoto mingapi, noti alizokutwa nazo, kwamba alionekana akiwauzia watu. Anaulizwa tena, na kwa woga anasema "ni kweli" mara ya pili. Hapo amekiri kuuza! Kama maelezo si sahihi, aseme papo hapo ni sehemu gani anayoikataa. Akikana jambo la msingi, hakimu lazima aandike kwamba amekana shtaka. Na kama haelewi Kiswahili cha korti vizuri, adai mkalimani wa Kidholuo. Ni haki yake.

Akipatikana na hatia, wakili aombe ripoti ya afisa wa probesheni (kifungo cha nje chini ya uangalizi) kabla ya hukumu. Afisa atafika nyumbani, atazungumza nanyi na chifu, kwa hiyo msimfiche uraibu wake. Ukweli huo ndio utakaomsaidia. Wekeni tayari barua ya daktari na ya kituo kilichokubali kumpokea. Hakimu anaweza kutoa probesheni ya miezi sita hadi miaka mitatu yenye sharti la matibabu, au huduma kwa jamii ikiwa kifungo kinachofaa hakizidi miaka mitatu. Mraibu pia anaweza kuamriwa atumikie sehemu ya kifungo katika kituo cha urekebishaji.

Msihangaike kutafuta methadoni. Hiyo ni dawa ya waraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Wa bangi huhitaji ushauri nasaha.

Mkizidiwa na ada ya wakili, nendeni ofisi ya msaada wa kisheria ya serikali kabla ya tarehe ya kesi. Akihukumiwa kwa kukiri, kwa kawaida rufaa hubaki kwa adhabu tu, nayo huwasilishwa ndani ya siku 14.