Kiraka cha nyama shingoni mwa baba

Baba alitolewa zoloto, yaani kisanduku cha sauti, Dar es Salaam kwa saratani ya koo. Siku ya nane bandeji ya shingoni ikaanza kulowa. Ilikuwa mate. Mshono wa ndani ulikuwa umeachia, mate yakajitobolea njia mpaka nje ya ngozi. Hutokea zaidi kwa mgonjwa aliyetangulia kupigwa mionzi, kama baba, maana mionzi huharibu mishipa midogo ya damu na kidonda hukosa nguvu ya kufunga.

Daktari bingwa akapendekeza kuuchukua msuli wa kifua pamoja na ngozi na mshipa wake wa damu, aupitishe juu ya mtulinga, azibe tundu.

Simu zikaanza kutoka Mikindani. Shangazi akauliza, "Mwanangu, hicho kiraka ni nyama ya nani?" Swali la haki kabisa. Tishu za kuzibia vidonda zipo za mgonjwa mwenyewe, zipo za ngozi ya marehemu iliyosafishwa, na zipo za utumbo wa nguruwe. Kwa familia za Kiislamu kama yetu, uliza kabla ya kusaini. Tulipojibiwa kuwa ni msuli wake mwenyewe, mzee akasaini palepale.

Baada ya hapo kazi kubwa ni yenu mnaouguza. Kiraka kinaishi kwa ule mshipa uliopita shingoni, kwa hiyo kitu chochote cha kubana shingo ni hatari, hata kamba ya mrija wa kupumulia. Kikibadilika rangi, kikawa cheupe au cha bluu, mwite muuguzi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Na uji! Ndugu watakuja na chupa ya uji, wamwonee huruma, waseme kijiko kimoja tu. Kataeni. Chakula kipite mrija wa puani: maziwa, mayai, supu ya samaki iliyosagwa na kuchujwa vizuri, kwa kipimo cha wauguzi. Nilimkatalia shangazi mbele za watu na iliniuma, lakini ningemkatalia tena.

Wiki ya tano baba alipigwa eksirei huku akimeza dawa inayoonekana kwenye picha. Hakuna kilichovuja. Daktari akamruhusu kunywa. Mzee akavuta daftari lake, akaandika neno moja: dafu.