Chokaa na lami inayobanduka

SWALI: Ndugu Mhariri, barabara ya mtaani kwetu hapa Mwanza iliwekwa lami mwaka juzi, na sasa kokoto zinang'oka zikiwa safi kana kwamba hazikupakwa lami kamwe. Fundi mmoja anasema kokoto zilipaswa kuchanganywa na chokaa. Je, vumbi la mawe lisingetosha?

JIBU: Kokoto safi ni dalili kwamba maji yamepenya kati ya jiwe na lami. Graniti, iliyotapakaa huko kwenu, ina madini mengi ya silika, na jiwe la namna hiyo hushikana na maji kwa urahisi kuliko na lami. Fundi wako yu sahihi, mradi chokaa iwe imezimwa (yaani imekwisha kuunganishwa na maji), kwa kuwa isiyozimwa huvimba ikikutana na maji ndani ya tabaka. Kiasi cha kawaida ni asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa kokoto. Chokaa hiyo huungana na asidi zilizomo katika lami na kuunda chumvi za kalisi zisizoyeyuka majini, ilhali asidi hizo zikiachwa peke yake hujishikiza kwenye jiwe kwa kifungo dhaifu. Vumbi la graniti hujaza nafasi tu, na likiwa na udongo wa mfinyanzi hudhuru; la mawe ya chokaa ni afadhali, na saruji pia husaidia kiasi.

Hata hivyo, mchanganyiko upimwe kwanza kwa kokoto zitakazotumika. Katika kipimo cha AASHTO T 283 (cha shirika la maofisa wa barabara na uchukuzi la Marekani), sampuli zenye hewa ya takriban asilimia 7 hugawanywa: baadhi hubaki kavu, nyingine huingizwa maji, hugandishwa (jambo geni kando ya Ziwa Victoria, lakini ukali huo ni wa makusudi), kisha hulowekwa kwa saa 24 katika maji ya nyuzi 60 za Selsiasi. Zote hupasuliwa, na nguvu ya zilizoloweshwa hutakiwa kwa kawaida isipungue asilimia 80 ya zile kavu. Mimi huuliza pia nguvu yenyewe, kwa sababu mchanganyiko ulio dhaifu hata ukiwa mkavu unaweza kupata uwiano mzuri.

Barabara yenu haiwezi kuongezewa chokaa sasa. Tabaka lililobanduka likwanguliwe, mitaro izibuliwe, na lami mpya ishindiliwe ingali moto, kwani tabaka lenye matundu mengi hupitisha maji hata likiwa na chokaa.