Minana wamenichania mnazi, niukate?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi nakaa Kigamboni, uani nina mnazi mmoja tu na mpapai, sasa tangu mwisho wa Februari minana, wale ndege wanaosuka viota, wamehamia kwenye mnazi, viota havihesabiki, kelele zinaanza saa kumi na moja alfajiri na makuti wameyachana mpaka yamebaki vijiti. Mume wangu anasema tukifanya usafi wa kabla ya masika na mnazi nao upigwe shoka. Mi kusema kweli nikishika chai yangu nakaa kibarazani nawaangalia tu, nawapenda. Nimwambieje?
Mama Wawili, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mkwe wangu shoka alirudishe stoo kwanza. Mnazi wenye afya unatoa kuti jipya karibu kila mwezi, madafu yanaweza kupungua ila kufa haufi kirahisi. Na hizo kelele ni za posa! Anayesuka ni dume, akimaliza ananing'inia chini ya kiota anapiga mabawa anaita majike waje wakague, jike akiona kazi mbovu anajiondokea, na kiota kikishakauka kikawa cha kahawia hakuna anayekitaka tena, basi jamaa anakibomoa mwenyewe anaanza upya na jani bichi, ndo maana makuti yenu hayaponi. Nionyeshe fundi wa mtaani anayekubali hivyo.

Kujenga msimu huu wana sababu, mvua inaleta wadudu na makinda yanalishwa wadudu sana, wakiwemo viwavi wa bustani yako.

Usafi fanyeni, ila wa chini. Zibueni mfereji, makopo na matairi yamwageni maji, majani mkishayakusanya msichome maana moshi unapanda mojakwamoja kwenye viota, yatandazeni kuzunguka mpapai yasiguse shina tu. Halafu pipa la taka lifunikeni. Wale kunguru wa shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wanakula mayai na makinda ya wenzao, na taka za wazi ndo zinawaita. Hao mi siwapendi, nisamehewe.

Kuti linalotishia bati mnaweza kulikata kama halina kiota kibichi. Chenye mayai kiacheni, kutotoa ni kama wiki mbili na makinda yanakaa humo kama wiki tatu, sio mbali.

Ukitaka kuwafaidi zaidi weka beseni la maji lisilo na kina, mbali na pa paka kujificha, na maji ubadilishe kila siku usije ukafuga mbu. Kiota kikianguka kitupu, wape wanao wawili wakifumue wenyewe waone fundo lilivyopigwa kwa mdomo na miguu tu.