Maswali ya Wasomaji: Silikoni ya Duara au ya Umbo la Tone?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, nimenyonyesha watoto wawili na matiti yamesinyaa, hasa upande wa juu, ngozi imebaki imelegea. Daktari wa upasuaji niliyemwona Dar es Salaam kanipa nafasi nifikirie: silikoni (mfuko wa jeli unaowekwa ndani ya titi) ya duara au ya umbo la tone la maji. Shoga yangu anasema ya duara hukaa kama mpira uliobandikwa. Nichukue ipi?
Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU: Marahaba. Shoga yako aliona silikoni iliyozidi kipimo, akalaumu duara. Mtu akisimama, jeli laini huteremka kwa uzito wake, juu kunapungua na chini kunajaa, hivyo hata ya duara hukaribia umbo la tone. Huo mpira hutokea silikoni ikiwa pana au imetokeza kuliko kifua kinavyoweza kubeba, au nyama ya juu ikiwa nyembamba mno kuficha ukingo.

Kwa hiyo anza na futi ya fundi cherehani. Pima upana wa titi, kutoka linapoanzia karibu na mfupa wa katikati ya kifua hadi linapoishia ubavuni. Ukipata sentimita 12.5, silikoni iwe na upana chini kidogo ya hapo, kwa sababu nyama yako nayo inachukua nafasi pembeni. Kisha finya nyama ya juu ya titi kwa vidole viwili. Ikiwa nyembamba kuliko sentimita 2, madaktari wengi huiingiza silikoni chini ya msuli wa kifua ili ukingo usichoreke. Halafu simama mbele ya kioo: chuchu ikiwa imeshuka chini ya mkunjo wa titi, hakuna umbo litakaloipandisha. Hapo unahitaji upasuaji wa kuinua titi, wenye makovu yake.

Sasa tone. Lina juu na chini, na hapo ndipo tatizo lake. Duara likizunguka ndani hakuna atakayejua. Tone likizunguka, titi linapinda, na mara nyingi dawa yake ni kurudi chumba cha upasuaji. Ngozi iliyolegea baada ya kunyonyesha, kama yako, huacha nafasi ya kuzungukia. Ili lishike, watengenezaji huliwekea uso wa kukwaruza, na uso wa namna hiyo umehusishwa na saratani adimu ya limfu inayoota kwenye ganda la kovu linalozunguka silikoni. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote silikoni zake za Biocell kwa sababu hiyo. Dalili kuu ni titi kuvimba miaka kadhaa baadaye.

Tone lina watu wake, hasa waliokatwa titi kwa saratani. Kwako wewe, ya duara yenye uso laini ndiyo ningeanza nayo.

Ukubwa ujaribu nyumbani: jaza mchele mililita 300 kwenye soksi, upime kwa kikombe na si kwa mizani, zifunge mbili, zivae ndani ya sidiria siku nzima ukipika na kufagia.

SWALI: Nikifanyiwa Dar, nirudi Dodoma lini? Huku maji tunabeba kwa ndoo.
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Kaa karibu na daktari wako walau wiki moja. Siku za mwanzo titi moja likivimba ghafla, likawa gumu na kuuma kuliko jingine, huenda damu inavuja ndani: nenda hospitali siku hiyohiyo. Treni ya SGR ni afadhali kuliko basi, ila begi abebe mwingine. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, isahau kwa wiki sita hivi.

Silikoni si za maisha. Kuanzia mwaka wa 5 au 6 zipigwe altrasaundi, kwani zinaweza kupasuka bila maumivu. Usiondoke bila kadi yenye jina la kampuni, ukubwa na namba ya kila silikoni. Itunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.