Waumini wako wapi kwenye albamu zetu?

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza: "Je, albamu za kisasa za kuabudu zinaua kwaya zetu?" Hapana. Ingia usharika wowote wa Moshi mjini au Arusha Jumapili, utakuta kwaya kuu, ya vijana na ya akina mama zinagombania nafasi ndani ya ibada. Kinachoumia ni uimbaji wa waumini walioko kwenye mabenchi, na huanza kuumia siku ya kurekodi.

Kwaya huwaimbia watu. Wimbo wa kuabudu huongozwa ili watu wenyewe wauimbe. Albamu za Hillsong, kanisa la Sydney, Australia, zilizoeneza sana mtindo huu miaka ya 1990, zilirekodiwa mbele ya waumini na sauti yao ikaachwa isikike. Sisi tunajaza ukumbi, tunapiga video, halafu kwenye albamu anasikika mwongozaji, kinanda na gitaa la solo. Waliojaza ukumbi hawamo.

Kosa moja ni ufunguo, yaani noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake. Mwongozaji mwenye sauti ya juu ya kiume (tena) huchagua B ili kiitikio kipande juu, na noti ya juu inafika F#. Mwanamume wa kawaida kwenye benchi anaishia D, akijikaza Eb, basi anafunga mdomo. Shusheni hadi G, ile F# inakuwa D. Mwongozaji atalalamika kwamba ubeti uko chini mno. Avumilie.

Ila hata ufunguo ukiwa sawa, paa la bati linaweza kuharibu kila kitu. Usharika mmoja njia ya Marangu ulirekodi mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Maandalizi yalikuwa mazuri: chaneli 24 za kurekodia, kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48. Kila chaneli hula karibu MB 520 kwa saa, kwa hiyo saa mbili ni kama GB 25, na waliandika kwenye diski mbili kwa pamoja. Maiki za waumini zilikuwa nne, juu ya stendi za mita 3: mbili mbele na mbili katikati ya kanisa, zote zimezipa mgongo spika kubwa na kuelekea watu.

Wimbo wa nne, mvua ikashuka. Kanisa halina dari. Maiki za waimbaji na za dramu, zikiwa sentimeta chache tu kutoka kwenye sauti, zilipona. Zile nne zilijaa mvua tupu. Mlio wa mvua kwenye bati umetanda kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, hivyo huwezi kuuchuja bila kuondoka na sauti za watu. Programu ya kusafisha kelele ilijaribiwa, washarika wakasikika kama wanaimba chini ya maji.

Wakaamua kuwaita tena washarika Jumatano jioni, mvua imekatika. Walikuja kama sitini. Visikilizio vya kumtosha kila mtu havikuwepo, kwa hiyo kila wimbo uliorekodiwa ulichezwa kwa spika moja, sauti ya chini, nyuma ya maiki. Waliimba mara mbili, na mara ya pili wakabadilishana nafasi. Kisha wimbo ukachezwa tena kwa sauti ile ile, watu wamesimama kimya. Rekodi hiyo ya kimya iligeuzwa fezi, yaani mawimbi yake ya sauti yaligeuzwa juu chini, na kujumlishwa na zile za kuimba, mlio wa spika ukafutika kwa sehemu kubwa. Mwisho sauti za waumini zikasogezwa zianze mapema kidogo: sauti huchukua karibu milisekunde 3 kwa kila mita, na maiki ikiwa mita 20 kutoka kwenye spika, hizo ni 60. Ukiziacha, waumini wanasikika wakiburuta wimbo.

Nilianza kuandika nikiwa na msimamo kwamba albamu isiyorekodiwa ibadani isiitwe ya kuabudu. Siwezi kuushikilia wote. Katika albamu ile, kuanzia wimbo wa nne, nyimbo za Jumatano ndizo pekee unazosikia kanisa likiimba. Nitakubali njia hiyo kwa masharti: waimbe washarika wenyewe, wasiwe vijana kumi wa studio walionakiliwa mara sita, na jalada liseme hivyo.

Na hapo swali lenu linanirudia. Wengi waliokuja Jumatano walikuwa wanakwaya, maana ndio wanaozijua sauti nne na kuzishika bila kusaidiwa na kinanda. Timu ya kusifu ikiendelea kuchukua jioni zao za mazoezi, na sharika kadhaa hapa tayari inazichukua, basi "hapana" yangu ya mwanzo haitasimama muda mrefu. Kwa sharika zinazopanga kurekodi: acheni mazoezi ya kwaya yabaki siku zake, wafundisheni wanakwaya nyimbo mpya mwezi mmoja kabla, na siku yenyewe wasambazeni kwenye mabenchi katikati ya watu badala ya kuwapanga jukwaani. Na kama kanisa halina dari, rekodini Agosti.

Msomaji, Majengo, Moshi