Kuchora maua kwa picha za simu: maswali yenu

Wiki hii mmeniuliza sana kuhusu kuchora maua kwa kuangalia picha, wacha nijibu machache.

*Mwalimu, niko Nyalenda, Kisumu. Nachora haibiskasi kwa picha niliyopiga mwenyewe lakini inatoka bapa kama imekanyagwa. Nakosea wapi?*

Mdogo wangu, mkono wako hauna shida, shida imeanzia kwa picha. Wengi tunasimama juu ya ua tunalipiga uso kwa uso, sasa petali zote 5 zinatoka saizi moja, hakuna iliyo mbele wala nyuma. Inama, lipige kwa ubavu, asubuhi ama jioni jua likiwa chini ndio vivuli vionekane, na usisongeze simu karibu sana maana kilicho karibu na kamera kinavimba, rudi nyuma kidogo halafu uzum. Halafu, na hapa nawasihi wote, chuma ua moja ulishike mkononi. Utaona kila petali imelalia jirani yake, na katikati kunatoka kijiti kirefu chenye chavua ya njano, ncha yake ina vinundu 5 vidogo. Kwa picha labda utaona vinundu 3 tu, vingine vimejificha, lakini ukishavihesabu kwa kidole hutavibandika ovyo. Ukianza kuchora, uso wa ua lililoinama ni kama yai, chora hilo yai kwanza kwa mkono mwepesi, kisha mstari kutoka katikati mpaka kwa kikonyo, petali zifuate.

*Picha yangu ya ua jekundu ni wekundu mtupu, mishipa ya petali haionekani kabisa.*

Ulipiga jua la saa sita, si ndio? Nyekundu kali inaizidi nguvu kamera ya simu. Piga ua likiwa kivulini, ama gusa skrini pale kwa ua ushushe mwangaza kabla ya kupiga. Kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, maana penseli haijui nyekundu, inajua giza na mwanga tu.

*Kutresi kwa dirisha, yaani kuweka karatasi juu ya picha kwenye kioo na kufuata mistari, ni kudanganya? Niko Nakuru, Section 58.*

Sioni kosa dada, ila utajifunza ukingo peke yake. Chora miraba juu ya picha na miraba hiyohiyo kwa karatasi, unakili mmoja mmoja, na ukikwama geuza picha juu chini, jicho litaacha kuona "ua" lianze kuona mistari.

*Penseli gani?*

HB, ya ugumu wa kati, ya kuanzia, 2B na 4B, laini na nyeusi zaidi, za vivuli. Zinatosha.

*Niko Kisumu. Naweza kuchukua picha za intaneti nichore kadi za kuuza?*

Picha ina mwenyewe, omba ruhusa kwanza. Lakini mbona usumbuke na wewe uko Kisumu? Nenda ufukwe wa Dunga utafute gugumaji lililochanua, hilohilo linalosumbua wavuvi. Ua lake ni zambarau, petali 6, ile ya juu ina doa la njano lililozungukwa na buluu, ni zuri ajabu. Lipige picha hapohapo, ukilichuma linanyauka mbio.